Barua ya wazi kwa Serikali ya Australia: Baraza lipewe uwezo wa kuongeza muda wa rufaa za viza ya ulinzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uhamiaji,
Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Nakala: Rais wa Baraza la Mapitio ya Kiutawala (ART)

Waheshimiwa,

Tunaandika kwa Kiswahili makusudi. Ofisi zenu zina wafasiri, na mkimkabidhi mmoja wao barua hii mtaonja kidogo tu hali ya mwombaji anayepokea barua yenu ya Kiingereza kwenye simu yake saa tano usiku. Tofauti ni kwamba sisi hatuwapi siku 28 za kukata rufaa.

Sisi ni wakalimani, wafasiri na wasaidizi wa jamii. Tunawahudumia Waswahili wa Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo walioomba ulinzi wakiwa ndani ya Australia, na mashauri yao yako katika Wizara ya Mambo ya Ndani au katika Baraza (ART), linalopitia upya maamuzi ya Wizara. Hatuji kuwaambia nani ni mkimbizi na nani si mkimbizi. Hiyo ni kazi ya mwamuzi, na Sheria ya Uhamiaji ya 1958 imempa vipimo vyake: kifungu cha 36, pamoja na 5H na 5J. Tunachoomba ni kwamba mwenye hoja aweze kumfikia mwamuzi huyo.

Aliyekataliwa viza ya ulinzi, ile namba 866, ana siku 28 za kuomba mapitio ART. Aliye kizuizini ana siku 7. Muda ukipita, hata kwa siku moja, Baraza halina mamlaka ya kumsikiliza. Alikuwa amelazwa hospitali? Barua pepe iliangukia kwenye barua taka? Wakala aliyemlipa amezima simu? Mjumbe wa Baraza anaweza kuamini kila neno na bado akalazimika kuandika kwamba hana uwezo.

Si kwamba ART haijui kuongeza muda. Mlemavu anayepinga uamuzi wa NDIS, ule mpango wa taifa wa bima ya walemavu, akichelewa, anaandika ombi, anaeleza sababu, na Baraza hilohilo linapima kama ni haki kumpokea. Bunge limewatoa watu wa uhamiaji na wa ulinzi katika utaratibu huo. Tena ukipanda ngazi, hadi Mahakama ya Shirikisho ya Mzunguko na Familia, kifungu cha 477 cha Sheria ya Uhamiaji kinampa jaji uwezo wa kuongeza zile siku 35 za kufungua shauri, mradi mwombaji aombe kwa maandishi na jaji aone kwamba haki inadai hivyo. Kwa hiyo mahakama, ambayo kazi yake ni kukagua makosa ya kisheria tu, inaweza kumvumilia aliyechelewa. Baraza, ambalo ndiko ushahidi husikilizwa upya wote, haliwezi. Tumejitahidi kutafuta mantiki ya mpangilio huo na hatujaiona.

Pengine mtasema aliyechelewa ana njia nyingine. Tuzihesabu.

Akienda mahakamani, kifungu cha 476 kinamzuia: mahakama hiyo haina mamlaka juu ya uamuzi wa awali ambao ungeweza kupitiwa na Baraza kama ombi lingewahi. Inabaki Mahakama Kuu ya Australia yenyewe chini ya Katiba, na hiyo si njia ya mtu asiye na wakili. Akitaka kuomba viza ya ulinzi mara ya pili, kifungu cha 48A kinamkatalia mpaka wewe, Mheshimiwa Waziri, umfungulie kwa hiari yako. Akikuomba utumie ule uwezo wako wa kubadilisha uamuzi wa Baraza kuwa mwema zaidi kwake, utaambiwa na maofisa wako kwamba hakuna uamuzi wa Baraza wa kubadilisha, kwa sababu Baraza lilisema halina mamlaka. Tarehe moja iliyokosewa imefunga milango mitatu kwa mpigo. Na mtu huyo anaweza kuwa na kesi nzito kuliko wote waliowahi.

Watu hukosaje tarehe? Wazembe wapo, hatukatai. Lakini mara nyingi kosa limekaa ndani ya barua yenyewe.

Chukueni mfano. Wizara inatuma uamuzi wa kukataa kwa barua pepe tarehe 3 Machi. Kisheria mwombaji anahesabiwa ameipata mwisho wa siku hiyohiyo, aifungue asiifungue. Siku ya kwanza ni tarehe 4, na siku ya mwisho ya kuomba mapitio ni tarehe 31 Machi. Lakini viza yake ya muda, ile watu wanaiita brijingi, inaendelea siku 35 baada ya kujulishwa, yaani hadi tarehe 7 Aprili. Basi mtu ana namba mbili mbele yake, 28 na 35, na moja inamgusa tumboni kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayosema kazi yake na Medicare yake (bima ya afya ya umma) vinakoma lini. Anaikariri 35. Anaingia ofisini kwa msaidizi tarehe 2 Aprili, viza iko hai, akidhani ana siku tano mkononi. Rufaa ilishakufa juzi yake.

Mbele zaidi namba 35 inarudi tena, ikihesabiwa kwa mtindo mwingine. Baraza likimkatalia tarehe 10 Juni, muda wa mahakamani unakwenda hadi tarehe 15 Julai. Hesabu hiyo inaanza siku ya uamuzi. Siku aliyoupokea haihusiki. Na kama barua ya Wizara ilikuja kwa posta ndani ya Australia, kuna hesabu ya tatu: unahesabiwa umeipata siku 7 za kazi baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Saa tatu tofauti zinazomgongea mtu mmoja, na zote zimeelezwa kwa Kiingereza cha kisheria.

Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Shirikisho, katika shauri linalojulikana kwa herufi DFQ17, walikuta barua ya Wizara imetawanya maelezo ya muda kurasa mbalimbali kiasi kwamba msomaji wa kawaida asingeweza kujua siku yake ya mwisho. Wakasema barua hiyo haikumjulisha mwombaji kama sheria inavyotaka, hivyo muda haukuanza kuhesabiwa. Tiba yake ni nyepesi mno hata tunaona haya kuiandika: andikeni tarehe. “Siku yako ya mwisho ya kuomba mapitio ART ni Jumatatu, 31 Machi.” Mstari mmoja, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, kwa Kiingereza na kwa lugha ambayo mwombaji mwenyewe aliitaja kwenye fomu yake. Kompyuta iliyotuma barua inaijua siku iliyoituma. Inaweza pia kujumlisha 28.

Kuna na jambo la faili. Kumjibu mwamuzi unahitaji kujua alichokisoma: rekodi ya sauti ya mahojiano, kama yalifanyika, maelezo ya ofisa, na taarifa za nchi ya mwombaji alizozitegemea. Njia ya kawaida ya kuvipata ni kuomba chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya 1982, na sheria hiyo inaipa Wizara siku 30 za kujibu. Rufaa ni siku 28. Hata Wizara ikitimiza wajibu wake kwa ukamilifu, faili linaweza kufika siku mbili baada ya mlango kufungwa. Tunawaambia watu kila mara: fungua rufaa kwanza, faili litakukuta ndani. Lakini serikali inayotaka mapitio yaende haraka ingetuma rekodi na nyaraka pamoja na barua ya kukataa. Vyote vipo tayari, ndiyo kwanza vimetumika kuandika uamuzi.

Haraka yenyewe ina historia yake. Tarehe 5 Oktoba 2023 Serikali ilitangaza dola milioni 160 za kurekebisha mfumo wa maombi ya ulinzi, na maombi mapya yakaanza kushughulikiwa kwanza ili watu wasitumie foleni ndefu kama kibali cha kukaa. Hatuna ugomvi na hilo. Foleni ya miaka inamuumiza mkimbizi wa kweli kabla ya kumuumiza mdanganyifu. Lakini angalieni matokeo yake. Zamani jibu la kukataa lilimkuta mtu akiwa ameshajua mji, ameshapata wakili, Kiingereza kimemkaa kidogo. Sasa linaweza kumkuta angali mgeni, na Wizara hailazimiki hata kumwita kwenye mahojiano kabla ya kumkatalia. Mtu kama huyo hajawahi kusikilizwa na binadamu yeyote mpaka afike ART. Katika tangazo hilohilo zilikuwamo dola milioni 48 za msaada wa kisheria. Tunaomba sehemu yake ionekane kwenye barua: jina na simu ya kituo cha sheria cha bure cha jimbo analoishi mwombaji, palepale chini ya ile tarehe. Kumwambia mtu “unaweza kutafuta ushauri” bila kumwonyesha wapi ndiko kunakomtupa mikononi mwa madalali wasiosajiliwa, wale wanaolipisha kwa kujaza fomu ambayo kuifungua ART hakuhitaji ada yoyote ya mwanzo.

Sasa tuje kwenye ukalimani, ambao tunaufahamu kwa ndani. Hapa tutakaa kidogo.

Fomu inauliza lugha, mtu anaandika Kiswahili, na kwenye mfumo Kiswahili ni kimoja. Mkalimani anayepatikana ni wa Dar es Salaam au Nairobi, ana cheti chake cha NAATI, mamlaka ya Australia inayowathibitisha wakalimani na wafasiri, na ni mtu makini. Mwombaji ni wa Kongo mashariki. Anasema: “Balimufunga baba mudogo saa mbili ya usiku.” Maneno saba, na kila kona ina shimo. Kufungwa ni kutiwa jela au ni kufungwa kamba? Baba mdogo ni mdogo wake baba, lakini mkalimani mwenye haraka kwenye simu iliyojaa kelele akisikia “baba” atasema baba, na fomu inasema baba alifariki mwaka 2009. Saa mbili kwa mtu wa Afrika Mashariki ni ile ambayo Mzungu anaiita saa nane za jioni. Wakongo, wapo wanaohesabu saa kama sisi na wapo wanaohesabu kama Wafaransa, inategemea alikokulia na shule aliyosoma, na kwa huyu wa pili saa mbili ya usiku ni usiku wa manane. Mkalimani asiyeuliza ameongeza au amepunguza saa sita. Miezi kadhaa baadaye mwamuzi anaandika kwamba mwombaji ametoa maelezo mawili tofauti kuhusu nani alikamatwa, alifanywa nini na wakati gani, na kwa hiyo hamwamini.

Kwa Kibajuni na lahaja nyingine za pwani ya kaskazini shida ni ileile, pengine zaidi, kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili sanifu hujiona anaelewa mpaka anapogundua kwamba alikuwa anakisia.

Sheria haijalala juu ya hili. Tangu shauri la Perera la mwaka 1999 inajulikana kwamba ukalimani mbovu unaweza kumnyima mtu kikao cha haki, na uamuzi ukatenguliwa. Lakini kuthibitisha hilo baada ya uamuzi kunataka rekodi ya kikao, mtaalamu wa kuisikiliza na kuiandika neno kwa neno katika lugha mbili, na wakili wa kuipeleka mahakamani ndani ya siku 35. Ni ghali, na inayolipa gharama ya kikao cha pili ni serikali. Kinga yake ni maswali mawili kwenye fomu ya kumwagiza mkalimani: Kiswahili cha wapi, na mwombaji amesoma kwa lugha gani. Kisha dakika tano kabla ya kikao, wawili hao wazungumze habari za kawaida, na mjumbe amuulize kila mmoja peke yake kama wanaelewana. Wajumbe wazuri wanafanya hivyo tayari. Tunaomba iwe kanuni, isitegemee nani kapangiwa nani.

Lipo pia la wanawake. Sheria inamtaka mwamuzi, mbele ya dai jipya ambalo halikutajwa kabla ya uamuzi wa Wizara na halina maelezo ya kuridhisha ya kuchelewa, achukulie kuchelewa huko kama dosari dhidi ya ukweli wa dai. Jamii zetu hapa ni ndogo. Mkalimani mwanamume aliyekaa kwenye mahojiano ya kwanza huenda ndiye anayeimba kwaya kanisani kwao, au anasali msikiti mmoja na shemeji yake. Mwanamke wa Kivu aliyefanyiwa unyama hatalisema hilo mbele yake, awe ameapa kutunza siri au la. Akilisema mara ya kwanza ART mbele ya mkalimani mwanamke, lisihesabiwe kuwa ni uzushi. Mwelekezo wa maandishi kwa waamuzi, unaotaja wazi kwamba jinsia na ujirani wa mkalimani ni maelezo ya kuridhisha, ungetosha.

Na kuhusu kuhamia sehemu nyingine ya nchi, neno moja tu. Kwa kipimo cha ukimbizi, hatari lazima ihusu maeneo yote ya nchi. Kwa kipimo cha ulinzi wa nyongeza, ule wa asiye mkimbizi lakini atadhurika vibaya akirudishwa, sheria inauliza kama ni busara mtu kuhamia kwingine. Goma, Kongo mashariki, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, jibu rahisi ni “aende Kinshasa”. Mjini humo lugha ya mitaani ni Kilingala, na anayefungua mdomo kwa Kiswahili anajulikana papo hapo katokea upande gani. Kama sura yake inadhaniwa kuwa ya Kinyamulenge, lugha itamchongea zaidi. Mwamuzi anaweza bado kuona inafaa, lakini alipime hilo kwa maandishi.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na ndugu zetu pia, tunawaomba radhi waheshimiwa tuseme nao kidogo.

Ndugu, barua ya kukataliwa ikifika, usianze kwa kukusanya ushahidi. Anza kwa kufungua ombi ART, kwenye tovuti yao, kwa posta au kwa kufika ofisini kwao, na uambatanishe nakala ya uamuzi. Hoja ndefu na ushahidi vinaweza kufuata. Andika jina la kila mtu wa familia aliyetajwa kwenye uamuzi, usimwache mtoto. Hulipi kitu kufungua, ila fahamu kwamba ukishindwa kuna ada kubwa utakayodaiwa baadaye. Hifadhi uthibitisho wa kupokelewa, wenye tarehe na saa. Ukihama nyumba au ukibadilisha barua pepe, iambie Wizara na uliambie Baraza; kuiambia moja hakuiambii nyingine, na mwaliko wa kikao uliotumwa kwenye anwani yako ya zamani unahesabika umekufikia. Fomu ya kujibu mwaliko ina nafasi ya kueleza mkalimani unayemtaka: andika “Kiswahili cha Kongo”, “Kiswahili cha Tanzania” au “Kibajuni”, na kama unataka mwanamke andika hivyo. Ukiwa kikaoni na hamwelewani, sema palepale, kwa sauti, ili irekodiwe. Kunyamaza kwa adabu ni heshima nyumbani kwetu. Pale kutaandikwa kwamba ulielewa. Ukitaka kupiga simu ofisi yoyote kupitia mkalimani, namba ya TIS, huduma ya taifa ya ukalimani, ni 131 450. Na asiyekuwa wakili wala wakala aliyesajiliwa asikutoze pesa ya ushauri wa viza.

Waheshimiwa, turudi kwenu. Katika yote tuliyoomba, mengi yanaweza kufanywa na ofisi zenu wiki hii bila Bunge: tarehe moja kwenye ukurasa wa kwanza, lugha ya mwombaji, rekodi na nyaraka kutumwa pamoja na uamuzi, simu ya kituo cha sheria, maswali mawili ya mkalimani, mwelekezo kuhusu madai yanayochelewa. Moja tu linahitaji muswada, nalo ni kifungu cha 347, kinachoweka zile siku 28 na 7. Hatuombi kiandikwe kitu kipya. Yachukuliwe maneno yaleyale ya kifungu cha 477 yanayompa jaji uwezo wa kuongeza muda pale haki inapodai, apewe mjumbe wa Baraza. Waliochelewa bila sababu atawakatalia, kama majaji wanavyowakatalia leo. Na uwezo huo uwafikie kwanza walio kizuizini, ambao siku zao ni 7, simu zao ni za zamu, na mara nyingi wakili wao wa kwanza hufika siku ya nane.

Tuko tayari kukutana na maofisa wenu wakati wowote, tukiwa na sampuli za barua zilizofutwa majina na mapendekezo ya maneno ya fomu ya ukalimani.

Wenu,
Wakalimani, wafasiri na wasaidizi wa jamii za wazungumzaji wa Kiswahili, Melbourne na Sydney